LEONIE VON HASE: KUTOKA MPIRA WA MAGONGO NAMIBIA HADI TAJI LA MISS GERMANY, TENA AKIWA NA MTOTO

Wadau, kuna jina moja ambalo huwa linazua ubishi kila inapoletwa mada ya warembo na mashindano yao: Leonie von Hase. Wengine wanamfahamu kama yule "Miss aliyezaa", wengine kama "yule bibie wa miaka 35", na wengine hawajawahi kumsikia kabisa. Leo tumeamua kumweka hapa kwa urefu ili anayetaka data azikute sehemu moja. Tumeweka pia historia ya akina mama waliovuliwa mataji kabla yake, manake bila hiyo huwezi kuona kwa nini ushindi wake ulikuwa habari kubwa.

WASIFU KWA UFUPI

Jina: Leonie Charlotte von Hase
Alikokulia: Namibia
Michezo: mpira wa magongo (hoki), aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Namibia
Kazi: mfanyabiashara, duka la nguo za mitindo ya zamani kwenye intaneti
Makazi wakati anashinda: mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani
Taji: Miss Germany 2020, akiwakilisha jimbo la Schleswig-Holstein
Umri siku ya ushindi: miaka 35
Familia: mama wa mtoto mmoja wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa bado mdogo

Kwa wapenda vituko: neno "Hase" kwa Kijerumani ni sungura. Kwa hiyo jina la ukoo wa mrembo wetu kwa Kiswahili lingekuwa kitu kama "wa Sungura". Basi tusicheke sana, twende kazi.

MZUNGU WA NAMIBIA? IMEKUWAJE?

Hili ni swali la kwanza ambalo kila mtu anauliza. Namibia ilikuwa koloni la Wajerumani kuanzia 1884 mpaka 1915, majeshi ya Afrika Kusini yalipoiteka katika vita ya kwanza ya dunia. Wakati huo iliitwa Afrika ya Kusini Magharibi. Baada ya hapo ikakaa chini ya Afrika Kusini kwa miongo mingi mpaka ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Leonie alipokuwa mtoto mdogo, nchi aliyokuwa anakulia ilikuwa bado haijawa huru.

Wajerumani walipotawaliwa wenyewe na Makaburu hawakuondoka wote. Mpaka leo kuna jamii ya watu wanaoongea Kijerumani pale Windhoek na Swakopmund, wana shule zao, makanisa yao na hata gazeti lao la kila siku la Kijerumani. Ni jamii ndogo katika nchi ambayo sensa ya 2023 iliihesabu kuwa na watu takriban milioni 3 tu, lakini ipo na inajulikana.

Historia yenyewe si ya kuchekea. Kati ya 1904 na 1908 wanajeshi wa Ujerumani waliwaua Waherero na Wanama kwa makumi elfu, wengine kwa kuwafukuzia jangwani bila maji. Serikali ya Ujerumani ilikuja kukiri mwezi Mei 2021 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Sisi Watanzania tunaielewa vizuri stori hii, manake miaka hiyohiyo, 1905 mpaka 1907, babu zetu walikuwa kwenye vita ya Maji Maji na jeshi la mkoloni yuleyule. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea Novemba 2023 kuomba msamaha.

Tunayasema haya si kwa kumbebesha dada wa watu makosa ya karne iliyopita. Ni kwamba ukiona "Namibia" na "von" kwenye mstari mmoja, ujue kuna sababu.

KABLA YA TAJI KULIKUWA NA GONGO

Wengi wetu tukisikia "michezo" tunawaza soka, riadha na ndondi. Hoki tunaipitia tu kwenye habari. Lakini Afrika Mashariki ina historia nzuri na mchezo huu. Wanaume wa Kenya walishika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona mwaka 1971. Tanzania ilipeleka timu ya hoki ya wanaume kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, ikafungwa na India mabao 18 kwa 0, mpaka leo wazee wakikumbuka wanatikisa kichwa. Olimpiki hiyohiyo wanawake wa Zimbabwe walitwaa medali ya dhahabu, nchi yao ikiwa na miezi michache tu ya uhuru.

Kwa asiyeujua mchezo: kila timu inaingiza watu 11, mpira ni mdogo na mgumu kama jiwe, na unapigwa kwa gongo lililopinda kwa chini. Mchezaji anakimbia muda mrefu akiwa ameinama. Anayefikiri hoki ni mchezo laini aombe siku moja asimame golini wakati wa kona fupi, halafu aje atuambie.

Leonie aliucheza mpira huu hadi ngazi ya timu ya taifa. Kwa hiyo anapopanda jukwaani si mtu aliyeanza kuzoea macho ya watu siku ile. Kuvaa jezi ya taifa lako ni shule ya kuvumilia presha, kupoteza mechi mbele za watu na kurudi tena wiki inayofuata. Pia ni shule ya kuuangalia mwili wako kama chombo cha kazi: miguu ni ya kukimbilia, mabega ni ya kupigia mpira. Ni tofauti sana na kuzoea kuuangalia mwili kama kitu cha kupimwa sentimita.

MISS GERMANY NI NINI HASA?

Shindano la kwanza la Miss Germany lilifanyika mwaka 1927. Wanazi walipoingia madarakani shughuli ikafa, ikarudi mwaka 1949 baada ya vita. Kutoka Ujerumani wamepatikana warembo waliofika mbali: Petra Schürmann alikuwa Miss World 1956, na Marlene Schmidt, mhandisi aliyekimbia kutoka Ujerumani Mashariki, akawa Miss Universe 1961. Dagmar Wöhrl, Miss Germany wa 1977, alikuja kuwa mbunge na naibu waziri. Kwa hiyo msifikiri taji linaishia kwenye picha za kalenda.

Shindano tunaloliongelea hapa linaendeshwa na kampuni ya familia kutoka mji wa Oldenburg. Majimbo ya Ujerumani yapo 16, na wasichana wa majimbo ndio waliokuwa wakikutana fainali. Kwa miaka mingi fainali ilifanyika Europa-Park, bustani kubwa ya michezo na burudani iliyopo Rust, kusini magharibi mwa nchi, karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa.

Utaratibu wa zamani ulikuwa uleule tunaoujua: msichana mdogo, hajaolewa, hajazaa, anapita na kivazi cha kuogelea, majaji wanaandika namba.

SHERIA ZILIVYOGEUZWA

Kuelekea fainali ya 2020 waandaaji walifanya mapinduzi. Kizazi kipya cha familia ile ndicho kilichoshika usukani, wakaona shindano linazeeka na mabinti wa sasa hawalitaki tena. Mambo makubwa yaliyobadilika ni haya:

1. Kikomo cha umri kikapandishwa mpaka miaka 39.
2. Walioolewa wakaruhusiwa.
3. Wenye watoto wakaruhusiwa.
4. Kivazi cha kuogelea kikawa kimeondolewa.
5. Meza ya majaji ikakaliwa na wanawake watupu.
6. Uzito mkubwa ukahamia kwenye historia ya mshiriki: amefanya nini, anasimamia nini, anajieleza vipi.

Neno "Miss" lenyewe maana yake ni mwanamke ambaye hajaolewa. Wajerumani walikuwa na neno lao la aina hiyo, "Fräulein", na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 ofisi za serikali ya Ujerumani Magharibi ziliacha kulitumia. Kila mwanamke mtu mzima akawa "Frau", awe na mume au hana. Maofisi yakaachana na habari ya kumpanga mwanamke kwa ndoa yake, ila jukwaa la urembo likaendelea nayo kwa karibu miaka 50 zaidi. Hapo ndipo unaona lilivyokuwa nyuma.

USIKU WA FEBRUARI 15, 2020

Fainali ikafanyika Europa-Park, Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2020. Leonie aliingia kama mwakilishi wa Schleswig-Holstein, jimbo la kaskazini kabisa ambalo mji wake mkuu ni Kiel, bandari maarufu kwa mashua za matanga. Akawashinda wenzake, wengi wao wakiwa wadogo kwake kwa miaka mingi, na akaondoka na taji akiwa mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kulivaa mpaka wakati huo.

Taji alilipokea kutoka kizazi cha Nadine Berneis, askari polisi kutoka Stuttgart aliyeshinda 2019. Angalieni mfululizo huo: polisi, halafu mama mjasiriamali aliyewahi kucheza hoki. Picha ya "mrembo" ilikuwa tayari inageuka.

Bahati mbaya mwaka wenyewe ulikuwa 2020. Mwezi mmoja baadaye Ujerumani ikafunga shule, maduka na kumbi kwa sababu ya korona. Mwaka ambao Miss huzunguka nchi nzima kwenye hafla, yeye sehemu kubwa ilimkuta kama wazazi wengine wote, mtoto yuko nyumbani na mambo hayaendi. Kuna wanaosema alipoteza raha ya taji. Sisi tunaona kwamba kama kuna mwaka ambao Miss mwenye mtoto alieleweka na watu wake, basi ni ule.

KABLA YAKE: AKINA MAMA WALIOVULIWA

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo vijana wengi hawaijui.

Leona Gage, 1957. Alikuwa mwakilishi wa jimbo la Maryland, akashinda Miss USA kule Long Beach, California. Alikuwa amesema ana miaka 21 na hana mume. Kumbe alikuwa na miaka 18, ameolewa na mwanajeshi wa anga, na ana watoto wawili. Habari ikatoka na taji likaondoka haraka, likapewa Charlotte Sheffield.

Helen Morgan, 1974. Msichana wa Wales, akiwakilisha Uingereza, alitwaa Miss World mwezi Novemba. Magazeti yakamwandama kwa kuwa alikuwa na mtoto wa kiume na hajaolewa. Siku ya nne akajiuzulu. Taji likaenda kwa Anneline Kriel wa Afrika Kusini. Siku nne tu, wadau! Na kosa lake ni kwamba alikuwa na mtoto, wala hakumficha.

Veronika Didusenko, 2018. Alishinda Miss Ukraine mwezi Septemba, siku chache baadaye akanyang'anywa kwa sababu ana mtoto wa kiume na ameshawahi kuolewa. Huyu hakukaa kimya. Desemba 2019 alitangaza kufungua madai London dhidi ya Miss World, akidai sheria hiyo ni ubaguzi. Pima tarehe: miezi miwili baadaye Leonie akavikwa taji Ujerumani akiwa na mtoto, na sheria ikiwa upande wake.

Hapo ndipo uzito wa jambo unapoonekana. Wanawake watatu, miaka 60 na ushee, na wote walipita kwa majaji wakashinda. Urembo wao ulikubalika, akili yao ilikubalika. Kilichowatoa ni mtoto.

BAADA YAKE

Miss Germany 2021 alikuwa Anja Kallenbach kutoka Thuringia, mama wa watoto wawili. Mwaka 2022 akaja Domitila Barros, mzaliwa wa Recife, Brazil. Mwaka 2024 akashinda Apameh Schönauer, msanifu majengo aliyezaliwa Tehran, akiwa na miaka 39 na watoto wawili. Kwa hiyo ushindi wa 2020 haukuwa ajali ya mara moja.

Huko Miss Universe nako moto ulifika. Mwezi Agosti 2022 ilitangazwa kwamba kuanzia 2023 walioolewa na wenye watoto wataruhusiwa. Fainali ya Novemba 2023 mjini San Salvador ikawa na akina mama wawili, Michelle Cohn wa Guatemala na Camila Avella wa Colombia, na Camila akaingia tano bora. Taji alichukua Sheynnis Palacios wa Nicaragua. Kuanzia 2024 wakaondoa na kikomo cha juu cha umri.

KWANI HAKUNA MASHINDANO YA AKINA MAMA?

Yapo. Mrs World ilianza mwaka 1984 kwa ajili ya walioolewa, na Rosy Senanayake wa Sri Lanka alishinda taji hilo akaja kuwa mwanasiasa mkubwa na meya wa Colombo. Lakini huko nako kuna kifungo chake: lazima uwe na ndoa. Aprili 2021, kwenye fainali ya Mrs Sri Lanka, Caroline Jurie aliyekuwa na taji la Mrs World alimvua mshindi Pushpika De Silva taji jukwaani, mbele ya kamera, kwa madai kwamba ameachika. Pushpika akaeleza kwamba ametengana na mumewe lakini hawajaachana kisheria. Taji likarudishwa, Caroline akakamatwa na polisi, baadaye akaachia cheo chake.

Mnaona mtego? Huku ukiwa na mume unatolewa, kule ukikosa mume unatolewa. Mama anayelea peke yake hana mlango wa kuingilia. Ndiyo maana uamuzi wa kusema "ndoa na watoto si kigezo" una maana kuliko kuanzisha shindano la pembeni.

NA SISI JE?

Miss Tanzania wa kwanza alikuwa Theresa Shayo mwaka 1967. Baadaye serikali ikayapiga stop mashindano, yakarudi mwaka 1994 Aina Maeda alipotwaa taji. Nancy Sumari alituletea heshima 2005 kwa kuwa Miss World Africa, na Flaviana Matata akang'ara Miss Universe 2007. Kwa kuwa safari ya mrembo wetu iliishia Miss World, sharti la "asiwe amezaa" lilikuja nalo kama lilivyo.

Ajabu ni kwamba kwenye lugha yetu mama ni cheo. Mtaani mwanamke akijifungua tu anapata jina jipya, Mama Asha, Mama Baraka, na hata watu wazima wanamwamkia kwa heshima. Harusini ndiye anayetangulia, msibani ndiye anayeendesha jiko. Lakini binti huyohuyo akizaa akiwa na miaka 20, anaambiwa mambo yake yameisha: timu inamsahau, shule inakuwa shida, jukwaa halimtaki. Heshima tunampa ya jina, nafasi tunamnyima.

Wapo watakaosema mila ni mila, na kwamba shindano la wasichana libaki la wasichana. Ni hoja, na kila mwandaaji ana haki ya kupanga shindano lake. Ila ukichagua kigezo, kiseme wazi kinapima nini. Kama unatafuta mwanamke anayeweza kusimama mbele za watu na kuongea kwa niaba ya nchi, mtoto aliyemwacha nyumbani hampunguzii kitu.

MASWALI YA HARAKA

Je, Leonie alienda Miss World au Miss Universe? Hapana. Shindano lile halipeleki mshindi huko, lina mambo yake Ujerumani.

Je, alidanganya kuhusu mtoto? Hapana. Sheria iliruhusu na kila mtu alijua.

Je, alikuwa mama wa kwanza duniani kushinda taji? Hapana, hao wa 1957 na 1974 walishinda pia. Tofauti ni kwamba yeye aliondoka nalo nyumbani.

Je, kuna somo kwa wanamichezo? Lipo. Maisha ya uwanjani ni mafupi, hasa kwa wanawake. Leonie alipoweka gongo chini akafungua biashara, akalea, na akiwa na miaka 35 akajaribu kitu ambacho wengi wangemwambia amechelewa. Dada zetu wa netiboli, riadha na Twiga Stars mnaosoma hapa, hilo mlichukue.

Haya wadau, data ndiyo hizo. Tuache ushabiki, tuongee kwa hoja: Miss Tanzania ijayo, mama wa mtoto mmoja apewe fomu au asipewe?